Nilivyomtambua thripsi wa Koyama kwa hadubini ya malaria

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaochangia na mnaochungulia tu kimyakimya.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Anayebisha aje Kismayo nimuonyeshe slaidi.

Mimi ni Mbajuni. Nimekulia Mombasa kwa sababu ya vita vya Somalia mnavyovijua, nikasomea kilimo mpaka nikapata cheti. Sasa nauza mbegu Kismayo.

Shangazi yangu Mwanaesha alirudi kisiwani Koyama baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Wanawe walioko Mombasa walimwambia wazi, ukishindwa kujilisha huko tunakuja kukuchukua. Yeye akapanda mabiringani nyuma ya nyumba, mistari minne, anamwagilia kwa ndoo.

Kwa hiyo yakifa mabiringani, na yeye anafungasha.

Majani yakaanza kutoka vidoa vyeupe na kunyauka. Akanitumia picha. Nikaikuza, nikaona vidudu vyembamba, vidogo kuliko punje ya ufuta. Nikajibu kwa madaha ya mwenye cheti kwamba hao ni thripsi, wanafyonza majani, apige dawa, na ikishindikana ang'oe.

Nilijibu huku nakunywa chai. Hata sikuitazama picha mara mbili.

Dawa yenyewe kisiwani hakuna. Sasa ami yangu Bwanaheri, kaka yake shangazi, ni fundi wa mashua, na kwake yeye kila kinacholiwa na wadudu dawa yake ni moja: sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mbao. Akapaka mstari mzima wa mabiringani, jani kwa jani, upande wa juu. Watu wa bara msicheke, mashua zake haziliwi na wadudu.

Wiki iliyofuata nikaenda mwenyewe. Mstari wa ami ndio uliokuwa hoi kuliko yote. Thripsi hakuna hata mmoja, lakini chini ya majani kuna utando kama wa buibui, na ndani yake vinukta vyekundu vinatembea. Utitiri.

Mistari mingine mitatu thripsi wamejaa tele, na majani machanga yanatoka mazima.

Hapo nikaanza kulishuku jibu langu.

Shangazi akaniangalia. "Wewe ndiwe mchu wa cheti. Niyang'oe au niyawache?"

Wakuu, niliona haya. Nikamuomba siku tatu.

Nikakung'uta majani juu ya kofia nyeupe ya ami, maana kwenye kitu cheupe wanaonekana. Nikawaokota kwa ncha ya brashi iliyolowa, nikawatia kwenye kichupa cha spiriti ya kusafishia vidonda.

Kismayo nina rafiki, Abdi, mtu wa maabara kwenye zahanati moja. Hadubini yake kazi yake ni malaria. Nikaweka slaidi yangu. Abdi akachungulia, akauliza, "Walaal, ndugu yangu, huyu anaumwa nini?"

"Anasingiziwa," nikamjibu.

Kwanza mabawa: membamba, yana nywele pembeni kama unyoya. Thripsi, hilo halina ubishi. Halafu nikaona kitu ambacho picha ya simu ilinificha. Mwili wa manjano hafifu, na kila bawa la mbele lina madoa matatu meusi. Thripsi wa vitunguu ninayemjua hana madoa hayo.

Nikafungua mwongozo wa utambuzi kwenye simu, nikashuka nao swali kwa swali. Pingili za vipapasio, nywele za mgongoni, mishipa ya mabawa. Mara mbili nilipotea nikaanza upya. Mwisho nikafika kwenye jenasi: Scolothrips. Spishi yenyewe bado sijaithibitisha, sitaki kuwadanganya.

Na hawa hawali biringani. Wanakula utitiri!

Nilipiga ukelele mpaka Abdi akadhani nimevunja kioo chake. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa kile cheti.

Nikampigia shangazi nikamwambia vidoa vile ni kazi ya utitiri, thripsi ni walinzi wake, asiguse hata mmoja. Ami akauosha mstari wake kwa maji ya sabuni, jani kwa jani tena, safari hii chini na juu, huku ananung'unika. Kisha tukahamishia pale matawi yenye thripsi.

Mabiringani yamezaa, wakuu. Yamezaa mpaka majirani wanapelekewa.

Juzi mwana mkubwa wa shangazi alipiga simu kuuliza atume nauli lini. Nilikuwepo. Shangazi akamjibu, "Nauli ya nani? Njoo wewe, uje ule."

Nilichojifunza: mdudu ukimkuta penye madhara, usimhukumu kabla hujajua anakula nini. Nami nilikaribia kumhamisha shangazi yangu kwa jibu la nusu dakika.

Wenye picha za wadudu wa mashambani kwenu ziwekeni hapa tuzikague pamoja. Nikijibu upesi sana, msiniamini.