Alama ya Majani kwenye Chimenea

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko wala kumwamsha mumewe, Généreuse aliosha kikombe chake. Kilikuwa kikombe cha bati la bluu, kimebanduka rangi mdomoni, na hakikuwa kichafu, maana alikwisha kukiosha jioni iliyotangulia. Alikiosha hata hivyo, akakifuta kwa ncha ya kitenge, akakifunga kwenye kitambaa na kukitia mkobani. Kikombe kilikwenda naye kazini, hospitali, kanisani. Akikaribishwa chai nyumbani kwa mtu, alikitoa mwenyewe mkobani kabla mwenyeji hajafungua kabati.

Wakongo wenzake wa Sharpstown, mtaa wa Houston, walimwita Mama Mikrobe, yaani mama wa vijidudu. Walidhani anaogopa magonjwa. Wengine walisema ni maringo ya Amerika, kwamba mtu akishapata bafu la maji moto ndani ya nyumba huanza kuwaona wenzake wachafu. Généreuse alicheka nao na kuwaacha waamini hivyo. Ilimfaa.

Ukweli ulikuwa kule Kabare, katika milima ya Kivu, alikozaliwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na kule wafinyanzi walikuwa Batwa. Watu walipanda hadi kwao kununua vyungu, wakavigonga kwa kidole kusikiliza kama vinalia vizuri, wakabishana bei, wakavipeleka nyumbani na kupikia maharagwe ya watoto wao. Lakini hakuna aliyekula na Mtwa, wala kukaa naye mkeka mmoja. Kwenye sherehe, pombe ilipozunguka, Batwa walimiminiwa pembeni katika kibuyu kilichovunjika mdomo, nacho kikatupwa baadaye. Mama yake Généreuse hakukubali kile kibuyu. Alitembea na kikombe chake mwenyewe kiunoni, ili mtu yeyote asipate nafasi ya kumnyima. Binti akaiga, na alipokimbia vita akakimbia na kikombe.

Kambini Tanzania hakuna aliyewajua. Yeye na mumewe, Siméon, naye Mtwa, walijiandikisha kama Wakongo, basi. Miaka ikapita, wakaletwa Houston, wakapewa apatimenti ya ghorofa ya pili inayotazama maegesho. Siméon akapata kazi ya ghala. Walikubaliana, bila hata kukaa chini na kuzungumza, kwamba yale ya Kabare yamebaki Kabare.

Généreuse alipata kazi kwenye uwanja wa vitu vya bustani, mali ya mama mmoja wa Kimeksiko aitwaye Doña Eusebia. Aliajiriwa kumwagilia maua. Kisha, mwezi wake wa pili kazini, likaja lori kutoka Meksiko limejaa nyasi kavu, na ndani ya nyasi, yamefungwa kwa kamba kama mbuzi wa mnadani, majiko ya udongo ambayo hajapata kuyaona. Yalikuwa na tumbo la mviringo kama chungu cha pombe, mdomo mpana ubavuni wa kuingizia kuni, na shingo ndefu juu ya kutolea moshi. Doña Eusebia aliyaita chimenea. Watu wa Houston waliyaweka bustanini, jioni za baridi wakawasha moto na kuketi mbele yake.

Généreuse alisimama katikati ya zile nyasi akacheka peke yake. Kumbe na hawa wanafinyanga! Akainama akagonga moja kwa kidole. Lililia vizuri. Akagonga la pili. Lilitoa sauti nzito, ya kikohozi. Akalizungusha na kumwonyesha Doña Eusebia ufa mwembamba chini ya shingo.

Yaliyopasuka njiani yalikuwa yakitupwa. Généreuse aliomba moja, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Alitwanga vigae hadi vikawa unga, akachanganya na udongo laini na majivu, akalowesha ufa, akaujaza, akaukausha kivulini, kisha akawasha ndani yake moto mdogo wa vijiti, siku kwa siku, kila siku ukizidi kidogo. Ufa ulishika. Tangu siku hiyo kumwagilia maua ikawa kazi ya mtu mwingine. Kanisani, akiulizwa kazi yake, Généreuse aliendelea kujibu, "Nauza maua."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Melania aliponunua chimenea.

Melania alikuwa Mtanzania, muuguzi, mwenye nyumba na bustani kule Pearland, nje ya Houston. Alizoeana na Wakongo kwa sababu ya ibada ya Kiswahili, na akina mama walikuwa wakikutana kwake mara moja moja. Alinunua chimenea pale pale uwanjani kwa Doña Eusebia, akamkuta Généreuse na udongo hadi viwikoni, akashangaa. Wiki iliyofuata alimpigia simu.

"Dada yangu, njoo uniokoe. Limepasuka, na Jumamosi akina mama wote wanakuja kwangu kuota moto."

Généreuse alijua kwamba akina mama wote maana yake ni pamoja na Mama Vital. Mama Vital naye alitoka Kabare, ila kwao ni juu kilimani, kwenye mashamba ya kahawa. Ndiye aliyeongoza kwaya, ndiye aliyegawa zamu za kutembelea wagonjwa, na kila Jumapili baada ya ibada ndiye aliyeshika birika la chai kwa mkono wake. Généreuse alifikiria kukataa. Kisha akakumbuka kwamba Siméon alipovunjika mguu ghalani, Melania ndiye aliyekuja kila jioni kumfunga bandeji. Akakubali. Akakaanga na mandazi ya kubeba.

Alikuta akina mama wamekwisha kufika, wamekaa bustanini kwenye viti vya plastiki, makoti juu ya vitenge. Melania alikuwa akisimulia.

"Jamani, msinicheke. Jirani aliniambia anza na moto mdogo. Mimi nikaona mdogo wa nini, wakati nataka kuona moto? Nikajaza kuni mpaka mdomoni. Mara, paa! Nikadhani bunduki."

"Usiseme bunduki mbele ya Wakongo, dada," mama mmoja alisema. "Tutakuachia nyumba yako sasa hivi."

Wakacheka wote, na Mama Vital kuliko wote. Alipomwona Généreuse anafungua ndoo ya udongo, akapiga makofi.

"Eh! Mama Mikrobe anashika matope! Miye nilizani unaogopaka uchafu."

"Matope si uchafu, mama," Généreuse alisema, akapiga magoti mbele ya chimenea.

Ufa ulianzia mdomoni ukapanda karibu na shingo. Alianza kufanya kazi, na kazi ikamchukua, kama ilivyomchukua kila mara. Nyuma yake mandazi yalizunguka, chai ikazunguka, wakasengenya mchumba mmoja wa Dallas aliyechumbia huku ana mke. Yeye hakuwasikia tena. Alijaza, akasawazisha kwa kidole gumba, akazungusha udongo mpya kwenye shingo kama pete. Halafu, bila kufikiri, akanyoosha mkono kwenye ua wa mbao, akachuma majani marefu yaliyokuwa yameponyoka mashine ya kukatia nyasi, akayasokota juu ya paja lake kuwa kamba fupi, na kuiviringisha juu ya ile pete ya udongo mbichi. Kamba iliacha vishimo vidogo, mstari chini ya mstari, kama punje za mtama. Kazi ile haikuhitaji pambo. Mikono yake tu ndiyo haikujua kumaliza chungu bila hiyo alama.

Alipoinua macho, Mama Vital alikuwa amesimama juu yake, andazi mkononi.

"Ile alama minaijua," alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ku nyumba ya mama yangu vyungu vyote vilikuwa nayo. Tulikuwa tunavinunua ku Batwa."

Akina mama wa Kivu wakashusha vikombe. Melania, ambaye hayo hakuyajua, akauliza, "Batwa ndio kina nani?"

"Batu ya pori," Mama Vital alijibu bila kumtazama. "Tunanunua vyungu yabo, basi. Kula nabo, kunywa nabo, hapana." Kisha akamtazama Généreuse, na hapo akatabasamu, tabasamu la kumfungulia mtu mlango wa nyuma. "Lakini weye umejifunza ku ba-Mexicain, ku kazi yako. Si njo vile? Sema tu, mama, tuendelee na chai yetu."

Généreuse alibaki amepiga magoti, kamba ya majani kiganjani. Alichotakiwa kusema ni "ndiyo" moja. Kwa "ndiyo" hiyo angerudi na wote kwenye gari la kanisa, angekaa kwenye kiti chake cha kwaya, angeitwa Mama Mikrobe hadi uzeeni. Aliitazama ile alama shingoni mwa chimenea. Angeweza hata kuifuta kwa kidole, udongo ulikuwa bado mbichi.

"Hapana, mama," alisema. "Nimejifunza ku mama yangu. Alikuwa anakaa chini ya kilima chenu. Pengine chungu mulichopikia maharagwe kilitoka mu mikono yake. Miye niko Mutwa. Siméon naye eko Mutwa."

Mama Vital alilitazama andazi lililoliwa nusu.

"Na hizi mandazi, nani alipika?"

"Miye."

Mama Vital akalifunga lile nusu kwenye karatasi, polepole, akaliweka chini ya kiti.

"Umekula tatu," Généreuse alisema. "Umekufa?"

Melania alipasuka kicheko, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Wengine walitazama nyasi. Généreuse akarudi kwenye kazi yake, akaiviringisha kamba mzunguko mmoja zaidi, akikandamiza kwa nguvu kuliko mwanzo. Alimwaga mchanga tumboni mwa chimenea kuukinga udongo na moto, akamweleza Melania jinsi ya kuukausha udongo na kuanza na vijiti tu, akanawa mikono kwenye bomba la bustani. Ndani ya gari la kanisa, njia nzima kutoka Pearland, kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, na watu walibanana nyuma.

Siméon alisikia habari kabla hajavua viatu.

"Tumevuka ziwa, tumevuka kambi, tumevuka bahari," alisema, "na hakuna mutu aliyetuuliza. Weye unaenda kubaambia mwenyewe?"

"Aliuliza."

"Ungesema ba-Mexicain!"

"Nikisema ba-Mexicain, mama yangu anakuwa nani?"

Siméon alikaa kitandani, akashika kichwa. Hakuwa na hasira. Aliogopa, na Généreuse alilijua hilo, akamwekea chakula.

Katikati ya wiki simu ililia. Alikuwa Fortunée, rafiki wa Mama Vital, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto mgonjwa. Alisema watu wamezungumza na kukubaliana kwamba nyumba ya Mungu ni ya wote na hakuna anayemfukuza mtu. Mandazi tu asilete tena, yatapikwa na wengine. "Na mambo ya chai, mama, haina shida. Si uko na kikombe chako? Endelea kuja nacho vile vile. Hakuna kitakachobadilika."

Généreuse alimshukuru, akakata simu, akarudi kwenye sinki. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, alikuwa akikiosha. Mama yake alikibeba ili wasimnyime. Sasa walimwomba akibebe ili wasipate taabu ya kumnyima. Kikombe ni kile kile.

Kazini, wiki hiyo, kila chimenea aliloliziba alilizungushia kamba ya majani shingoni, hata yale ya ufa mdogo usioonekana. Doña Eusebia alipitisha kidole juu ya vishimo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaamuru yasogezwe mbele, kando ya barabara.

Jumapili asubuhi aliosha kikombe kama kawaida. Alikifuta kwa ncha ya kitenge. Kisha akakiweka kwenye rafu ya dirisha, juu ya sinki, akachukua mkoba.

"Umesahau kikombe," Siméon alisema.

"Sikukisahau."

Siméon alimtazama, akatazama rafu, akavaa koti lake la ibada. Mlangoni alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo mbele za watu, na hakuuachia hadi waliposhuka ngazi.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa wa kukodi, na vikombe vya kanisa vilikuwa vichache kuliko watu. Akina mama hawakutaka vile vya karatasi, walisema vinaua ladha ya chai. Kwa hiyo mmoja akimaliza, alisuuza na kumpa mwingine, na ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili tangu walipoanza. Ibada ilipokwisha, Généreuse alikaa kwenye safu ya mbele, si nyuma alikozoea. Melania, aliyekuja kutoka Pearland, akaja akakaa kulia kwake, Siméon kushoto.

Mama Vital alikuja na birika, akimimina mtu baada ya mtu. Mama wa mwisho kabla yao alinywa, akasuuza, akabaki na kikombe hewani, hajui ampe nani. Généreuse akanyoosha mkono, akakipokea, akakikinga chini ya birika.

Birika halikuinama. Watoto waliokuwa wakikimbizana kati ya viti wakasimama. Mama Vital alitazama mkoba uliokuwa magotini mwa Généreuse, umelala bapa, hauna kitu, akauliza swali moja tu.

"Kikombe chako kiko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani," Généreuse alisema. "Nakunywa na hiki."