Baba Alinifundisha Kutopepesa

Kocha wangu wa Marekani alipenda kuwaonyesha wageni mitupo yangu huru ya mpira wa kikapu, kama mtu anayewaonyesha jirani ng'ombe wake wa maziwa. "Huyu hapepesi macho," aliwaambia. Mashabiki wa wapinzani hujipanga nyuma ya kikapu, wakirusha mikono, wakipiga masufuria, na mimi hutazama pete tu mpaka mpira uingie. Wakiniuliza nilijifunza wapi, nilisema kwa baba yangu, mjini Jinja, Uganda. Basi wakaniuliza baba alichezea timu gani. Baba yangu hakuchezea timu yoyote maishani mwake.

Alikuwa askari wa gereza. Tulipanga nyumba mtaa wa Nalufenya, na jioni akitoka zamu alinipeleka uwanja wa askari, ambako wafungwa walikuwa wamechomelea pete juu ya mlingoti. Hakujua kanuni hata moja. Aliniamuru niinue mpira juu ya kichwa kwa mikono miwili na nibaki hivyo hadi mabega yawake moto, huku yeye akipitisha fimbo yake ya kazi mbele ya pua yangu.

"Macho wazi," alisema, kwa Kiswahili chake cha kambini ambacho hakukivua hata nyumbani. "Ukifunga macho, anza tena."

Nilifunga, nikaanza tena. Nilimwona mzee msumbufu, na sikumficha.

Sisi ni Wagisu, watu wa Mbale. Kwetu kijana hutahiriwa hadharani. Mwaka mmoja ni wa kisu, unaofuata ni wa kupumzika. Husimama mbele ya ukoo mzima, ameinua fimbo kwa mikono miwili, baba yake amesimama mbele akimtazama, na kijana akipepesa macho aibu hiyo atazeeka nayo. Asiyepita hapo ni mtoto, hata awe na ndevu. Hakai na wanaume, na katika ukoo wetu hatii udongo kwenye kaburi la baba yake.

Mwaka wangu wa kisu ulipofika, ufadhili wa chuo ulifika nao, na chuo kilinitaka Agosti ileile. Baba zangu wadogo walikuja juu. Baba aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha akanigeukia.

"Wewe enda. Chuo haiwezi ngoja. Kisu iko hapa tu, na mimi niko hapa."

Msimu wa kwanza nilikalia benchi mpaka nikazoeana na wafagiaji wa ukumbi. Wa pili nilianza kuingizwa mchezo ukiwa umeshaamuliwa. Agosti iliyofuata, ambayo ilikuwa ya kisu tena, kocha alikuwa ndiyo kwanza ameniweka kikosi cha kwanza, na kidonda kingenitoa mazoezini. Nilimpigia baba. Alikuwa amestaafu, familia imehamia Namakwekwe, huko Mbale, na nyuma yake nilisikia bodaboda zikipita.

"Baba, tuahirishe mpaka zamu ijayo."

"Sawa, afande," akasema. Aliniita hivyo akitaka nicheke.

Mwaka ule mdogo wangu alitahiriwa peke yake, bila mimi. Mwaka uliofuata, mwaka wa kupumzika, baba alianguka asubuhi akinyoa ndevu, na hakuamka.

Watu wa chuo waliniwekea nafasi kwenye ndege, na mazishi yakanisubiri kijijini, mlimani juu ya Mbale. Nilipofika, baba mdogo alinikumbatia kwa machozi ya kweli, kisha akanionyesha benchi la watoto. Nikaketi, magoti yamenifika kidevuni, katikati ya wavulana walioniuliza kama kule Marekani viatu vya saizi yangu vinapatikana. Padri alipomaliza, wanaume waliitwa kutia udongo. Mdogo wangu aliinuka. Mimi nilibaki na mikono yangu mirefu mapajani. Niliwachukia wote, nikajichukia na mimi.

Jioni watu walipotawanyika, mdogo wangu alikuja kuketi kando yangu.

"Mwaka kesho ukikuja, mimi nitasimama mbele yako," alisema.

"Kwa nini wewe?"

"Baba hayuko, kaka. Imebaki mimi."

Nikamwambia naogopa kisu. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu.

"Baba alisema wewe hauna shida. Alisema wewe alimaliza kukufundisha zamani, pale uwanja ya Jinja. Mimi alinifundisha kule nyumbani Namakwekwe, na fimbo ile ile. Mpira hakuna."

Akainua mikono miwili juu ya kichwa kunionyesha, ameshika hewa, macho wazi. Nikaona jinsi nilivyosimama jioni zote zile chini ya pete. Kumbe baba hakuwa na habari na kikapu. Alikuwa akiniandaa kwa siku yangu, siku aliyotaka kuitazama kuliko kitu chochote, na ndiyo siku niliyomwomba kwa simu tuiahirishe.

Nikafumba macho, nikalia. Mdogo wangu hakuniambia nianze tena.