Mayai ya Mkuu wa Kituo

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuambiwa "usijali" akaridhika. Ukimwambia usijali, ndipo anapovuta kiti. Mume wangu alinionya mapema kabla hatujaoana, nami nikacheka nikidhani ananitania.

Alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga: kabati la mbao lenye kioo mlangoni na joto la umeme ndani, limekaa katika chumba ambacho wengine wangekiita sebule. Wageni tuliwapokea uani. Nusu ya mtaa ilimletea mayai, na wiki tatu zikipita mwenye mayai anakuja na boksi lake kubeba vifaranga. Ili yasichanganyike, kila yai alilichora alama kwa penseli. Ya fundi viatu yalikuwa na kiatu, ya mkunga yalikuwa na mkasi. Ya jirani yetu mmoja mbea yalichorwa mdomo, naye hakuwahi kujua kwa nini.

Umeme ukikatika kidogo alikuwa na dawa yake: mablanketi juu ya kabati, chupa za maji moto ndani. Lakini kabla sijaingia katika nyumba ile, transfoma ya mtaa iliwahi kulipuka, giza likakaa siku kadhaa, na mayai ya watu yakaoza yote. Hakuna aliyemtukana. Kwa muda mrefu waliacha tu kumletea mayai, na salamu zikawa fupi, hata za marafiki zake. Jambo hilo lilimuuma kuliko matusi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Basi mwaka tisini na tisa ukielekea ukingoni, redio ikaanza maneno yake. Kompyuta nyingi, ilisema, huhesabu mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho. Mwaka mpya ukiingia zitaona sifuri mbili, zitadhani tumerudi nyuma miaka mia, zitachanganyikiwa, na huenda umeme ukazimika kila mahali. Mume wangu alisema ni porojo. Mama akazima redio. Mtaa mzima ulikuwa umeshamletea mayai ili upate vifaranga mwaka mpya ukianza, na ilibidi yaingie kabatini wiki ile ile au yarudi kwa wenyewe.

"Mkwe wangu," akaniambia, "vaa viatu."

Ofisi ya umeme ilikuwa na binti wa mapokezi mwenye kucha ndefu na adabu nzuri. "Tumejiandaa, mama," alisema. "Usijali."

Nilifumba macho. Nikasikia kiti kikivutwa.

"Mmejiandaa vipi?"

"Kikamilifu."

"Hilo ni neno tu, mwanangu. Mimi nauliza mmefanya nini."

Binti akatupeleka dirisha la bili. Dirisha la bili likatupeleka kwa afisa habari, na afisa habari alikuwa safarini. Njooni kesho. Tulikwenda kesho, tukaenda na kesho yake, tukapigwa danadana mpaka mlinzi wa getini akawa anatukaribisha kama watu wa nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshachoka na miguu inaniuma, na nilisema hivyo. Mama alikaa kwenye foleni ya watu wa bili akaanza kuwasimulia anachotafuta, kwa sauti ya mtu anayeuza samaki. Haukupita muda, foleni nzima ikawa inauliza: kwani mmefanya nini?

Ndipo akatoka mkuu wa kituo mwenyewe, bwana mnene mwenye jasho shingoni. "Mama, twende ukaone kwa macho yako," akasema. "Ila uniahidi hutapiga kelele."

Alitupeleka katika chumba cha mitambo. Palikuwa na ukuta mzima wa mishale inayotetemeka ndani ya vioo, na mikono ya chuma iliyong'aa kwa kushikwashikwa. Mbele yake alikaa bwana mmoja akinywa chai.

"Kompyuta ziko wapi?" Mama akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Mama, mitambo hii ni mikongwe kuliko mimi. Haijui leo ni Jumanne, itajua mwaka? Huyu bwana ndiye anayewasha na kuzima, kwa mkono. Na kule bwawani umeme unakotoka ni hivyo hivyo, nilikwenda mwenyewe kutazama. Kompyuta tunayo moja tu, ya bili."

"Sasa kwa nini hamsemi?"

Akatazama viatu vyake. "Tuseme hatuna kompyuta? Watu si watatucheka?"

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na yule bwana wa chai naye akacheka, ikabidi mkuu acheke pia. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na leo mwosha alikuwa amesema.

"Nimekuamini nusu," Mama akamwambia, akifuta machozi. "Una kuku nyumbani?"

"Ninao."

"Basi nusu iliyobaki niletee mayai. Yalale pamoja na ya wenzako."

Jioni ile alikuja nayo ndani ya kofia yake. Mama akayachora balbu, akayaweka katikati kabisa, kisha akatoka kuutangazia mtaa kwamba mitambo yetu ni mizee mno kuugua ugonjwa wa vijana. Watu walicheka kweli. Hakuna aliyekuja kuchukua mayai yake.

Alfajiri ya mwaka mpya taa yetu ilikuwa inawaka na kabatini mlio wa kwanza ulishasikika. Tulikuwa tumebandika nyuso kwenye kioo, mimi na Mama, mlango ukagongwa kwa fujo. Alikuwa mkuu wa kituo, kandambili mguu mmoja, mguu mwingine kiatu.

"Mama," alihema, "umeme upo?"

"Mwanangu, wewe ndiye unayeniuliza mimi?"

"Kwangu giza tupu! Nimeamka, feni imekufa, nikajua mayai ya watu yamekwisha!" Kisha akaiona taa juu ya kichwa chake.

Nyuma yake akatokea mkewe, mtandio umemkaa upande. "Baba watoto, umekimbilia wapi? Swichi kuu nimeishusha mimi jana usiku umelala, nilikuwa nalinda friji isiungue!"

"Unalinda friji na nini? Si nilikwambia?"

"Uliniambia nisijali," mkewe akasema. "Basi."

Mama akavuta kiti, akakiweka mbele ya kioo.

"Kaa hapa, mwanangu," akamwambia yule mke. "Tazama. Yale yenye balbu ni yenu, moja limeshapasuka."