Herufi Iliyomfukuza Anti Zawadi

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo sijaisahau. Nimekaa miji mingi tangu wakati huo, nimefunga na kufungua begi mpaka zipu ikakatika, lakini Jumapili ile imenifuata kila nilikohamia. Acha nikusimulie, maana nasikia nawe umeanza kuwakwepa watu wenye maswali.

Ilikuwa London, mtaa wa Thornton Heath, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne Tanga, sina ndugu hata mmoja upande ule wa dunia. Kesi yangu ya ukaazi ilikuwa ofisi ya uhamiaji ya Croydon, kwenye meza ya mtu nisiyemjua. Kila bahasha ya kahawia iliyoanguka mlangoni niliidhani ni ya kunifukuza nchini. Watu pekee niliokuwa nao ni wa kanisani. Lilikuwa kanisa la Wamormoni, nami nilibatizwa humo kabla sijatimiza mwaka mjini.

Askofu wetu alikuwa Mwingereza, fundi wa hita za gesi. Kwa Wamormoni askofu ni kiongozi wa kusanyiko moja tu, na halipwi. Jumatatu anarudi kazini kama wewe na mimi. Aliniandikia barua ya kupeleka uhamiaji, akanipa na kazi ya kutafsiri. Nilikaa benchi la nyuma na maiki ndogo, na akina mama wa Kikongo kama kumi, waliojua Kiswahili na Kifaransa tu, walinisikiliza kwenye hedfoni. Neno la askofu halikuwafikia ila kwa kupita mdomoni mwangu.

Na alikuwepo Anti Zawadi, Mkenya wa Nakuru, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Yeye ndiye aliyenipa koti langu la kwanza. Yeye ndiye aliyewapeleka akina mama wale kwa daktari na kuwajazia fomu. Sisi wa Kenya na Tanzania tulimwita Anti kwa heshima. Wakongo, ambao kwao neno hilo si la kila siku, walilichukua kama jina lake. Kwao alikuwa Anti, basi.

Siku moja aliniita kwake, akaweka karatasi mezani. Alikuwa ameingia duka la intaneti la barabara kuu kutafuta nyimbo za kanisa, akakuta mengine, akayachapisha.

"Soma, uniambie kama macho yangu yana kasoro."

Nikasoma. Kwamba mwanzilishi wa kanisa alikuwa na wake wengi. Kwamba kwa zaidi ya miaka mia, hadi miaka ya sabini, mwanamume mweusi hakupewa ukuhani, ambao kwao kila mwanamume mwaminifu hupewa. Mwanangu, mimi nilikuwa nimepewa ukuhani miezi michache tu nyuma. Kila Jumapili nilipitisha mkate wa sakramenti. Niliitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine.

"Choma, Anti. Tafadhali, choma."

"Nichome, kwani ni kunguni? Nitamuuliza askofu. Yule si simba, ni fundi wa hita."

Akamuuliza kweli, pale mlangoni baada ya ibada. Sikusikia walichosema, ila niliona masikio ya askofu yamekuwa mekundu.

Jumapili iliyofuata askofu alipanda mimbarini. Sasa sikiliza vizuri. Waingereza wa kanisani kwetu, maandishi yoyote ya kulipinga kanisa waliyaita kwa kifupi "anti". Askofu hakumtaja mtu. Alisema siku hizi anti imejaa kwenye intaneti, isiingie nyumbani mwetu, itaharibu familia zetu. Mimi natafsiri mbio, jasho linanitiririka mgongoni, na lile neno nikaliacha lilivyo. Nikasema kwenye maiki: "Anti asiingie nyumbani mwenu. Anti ataharibu familia zenu."

Asiingie, badala ya isiingie. Ataharibu, badala ya itaharibu. Kwa herufi moja nilikuwa nimegeuza karatasi kuwa mtu.

Vichwa vyote vyenye hedfoni viligeuka pamoja. Anti Zawadi alikaa mabenchi matatu mbele, bila hedfoni, anamsikiliza askofu kwa Kiingereza na kumenya pipi. Alihisi anatazamwa, akageuka, akawatabasamia.

Nilijua palepale. Maiki ilikuwa bado mkononi. Sekunde mbili zingetosha. Lakini niliogopa. Nikisema nimekosea, askofu atauliza kosa gani, karatasi zitatajwa, itajulikana nilizisoma, na ile barua aliyoniandikia ya uhamiaji je? Ipo na sababu nyingine, ambayo imenichukua miaka kuikubali: nilitaka Anti anyamaze. Maswali yake yalikuwa yangu pia, nami sikuwa na ujasiri wa kuyasikia.

Siku hiyohiyo Mama Furaha, mkubwa wa wale akina mama, alimwondoa mjukuu wake mapajani mwa Anti. Wiki iliyofuata Anti alileta sufuria ya pilau. Hakuna aliyefunua mfuniko. Alipiga simu, hazikupokelewa. Akanishika mkono kwenye ngazi za kanisa.

"Kwani nimewakosea nini?"

"Sijui, Anti."

Maneno hayo mawili ndiyo yanayonifuata hadi leo.

Wiki ya sita hakuja. Askofu akaniambia twende tukamwone. Njia nzima, kwenye gari lake la kazi lililojaa mabomba, niliomba tusimkute. Tulimkuta. Tena alikuwa ameshajua: asubuhi alimbana Mama Furaha kwenye kituo cha basi mpaka yule mama akalipuka, "Lakini askofu alisema yeye mwenyewe! Tulisikia mu masikio yetu, Anti asiingie kwetu!"

Hata hatujakaa, akamgeukia askofu kwa Kiingereza. "Uliwakataza watu wasinifungulie milango yao?"

"Mimi? La hasha! Nilisema anti. Zile karatasi."

"Na mimi hapa naitwa nani?"

Askofu hakuelewa. Alipoelezwa, alikaa chini kama aliyekatwa miguu. Anti Zawadi akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso yake. Kisha kicheko kikaisha, akanitazama, akaingia kwenye Kiswahili.

"Siku ile ulikosea. Ulimi huteleza, nimekusamehe. Lakini nilikuuliza kwenye ngazi. Pale ulimi haukuteleza."

Nilitaka kusema kitu. Akainua mkono.

"Usiniombe msamaha hapa jikoni. Nenda kaseme kwenye maiki ileile."

Askofu akasogeza kiti karibu na meza. Halafu akauliza, "Bado unazo zile karatasi?" Anti akazitoa droo ya vijiko. Wakazipitia moja moja. Hili la wake wengi, akasema, ni kweli. La ukuhani ni kweli, na linamuumiza. Alikuwa kijana lilipobadilishwa, na hajui kwa nini lilichukua muda mrefu hivyo. Ile iliyodai kwamba wamishonari wetu ni majasusi, alicheka. "Jasusi gani anapotea kila siku akitafuta Norbury, mtaa wa hapo jirani?" Nyingine mbili akasema hajui, atauliza.

"Mbona hukuniambia hivi mlangoni?" Anti akauliza.

"Niliogopa mtaondoka wote."

Nikamtazama yule mtu mzima, fundi asiyeogopa kuchokonoa gesi, nikaona kumbe hofu yetu ilikuwa moja.

Jumapili iliyofuata nilishika maiki kabla ya wimbo wa kwanza. Nilisema askofu alikataza karatasi, mimi nikakataza mtu, na kwamba nilijua nikanyamaza. Mama Furaha alivua hedfoni. "Weye kijana! Wiki sita namnyima mama wa watu salamu, juu ya herufi?" Akachukua mkoba wake, akatoka ibada ikiendelea, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, mpaka nikabaki natafsiria mabenchi. Walikuwa wanakwenda kwa Anti.

Anti hakurudi kanisani. Aliwasamehe, aliwapikia, lakini alisema hawezi tena kukaa mahali ambapo watu waligeuka bila kumuuliza. Mimi nilibaki miaka michache, kisha nikaanza kutangatanga. Barua ya ukaazi ilikuja ikiwa njema. Yote niliyoyaogopa hayakutokea. Lililotokea ni lile ambalo sikuliogopa.

Basi, mwanangu, akija mtu na swali linalokutisha, usimwogope aliyelileta. Kaa naye mezani. La kweli sema ni kweli, la uongo sema ni uongo, na usilolijua sema hujui. Ukikosea mbele ya watu, sahihisha mbele ya watu, kabla kiti cha mtu hakijabaki kitupu.

Mungu akulinde na maneno mawili yale niliyosema kwenye ngazi. Akupe nyumba yenye mlango unaofunguka, na siku utakapokuwa wewe ndiye unayetazamwa na vichwa vyote, akupe mmoja atakayeinuka na kukuuliza.