Harufu Iliyotoka Yanonge

Pua yangu imenigombanisha na watu wengi. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kunusa: chungu cha jirani, nguo ya mgeni, kanzu ya Papa akitoka msikitini. Na nikishajua, sikuweza kunyamaza. Koko, yaani mama mzazi wa mama yangu, alisema nitakosa mume kwa sababu ya pua hiyo. Mwaka wa maasi, miaka minne baada ya uhuru, nilikuwa nimetimiza miaka ishirini, mume sijampata, na pua ilikuwa palepale.

Tulikaa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, mkabala na mji. Papa alikuwa seremala, na pikapu yake aliinunua kwa Mbelgiji aliyeondoka mbiombio siku za uhuru. Risasi zilipoanza kusikika mjini, Mama na Koko walikimbilia Yanonge kwa dada yake Mama. Hali ilipotulia kidogo, Papa akaenda kuwachukua wote wawili. Alirudi na Koko peke yake.

“Mama yako iko na homa kidogo,” aliniambia akishuka. “Barabara ingemutikisa. Nachukua dawa kwa nesi, kesho asubuhi narudi.”

Hata hajafunga mlango, nilisikia harufu ya kuungua. Yeye aliisikia tangu katikati ya safari. Alikuwa amesimama mara mbili kukagua, asione moto wala moshi. Sasa aliogopa kurudi na pikapu hivyo. Njiani kulikuwa na vizuizi vya vijana wenye silaha, na gari likishika moto porini kati ya kizuizi na kizuizi, hakuna wa kumwita. Tangi la petroli nalo lilikuwa nyuma ya kiti chake. Kwa hiyo harufu ile isipojulikana inatoka wapi, Mama hapati dawa.

Papa alimwita rafiki yake makanika, tuliyemwita tonton, yaani mjomba. Kabla ya uhuru alikuwa akifagia gereji ya Wazungu. Wazungu walipoondoka, yeye ndiye akawa mkuu wa gereji. Nilimpenda kwa sababu naye alikuwa mtu wa kunusa. Hakufungua boneti. Alizunguka gari kwanza, akaweka kiganja kwenye kila gurudumu, kama mama anayepima homa ya watoto waliolala.

“Yote iko joto sawasawa. Breki hapana,” alisema. “Alors, haya, washa.”

Papa akawasha, gari likiwa limesimama. Baada ya muda harufu ikaja, na tonton akatabasamu. Klachi, alinieleza, hunuka ikifanya kazi ngumu, kwenye kilima au kwenye tope. Hapa hatuendi popote na bado pananuka. Akavuta nyaya chini ya usukani, akazinusa mmoja mmoja. Hakuna kitu. Akachomoa kijiti cha kupimia oili: oili chafu, basi. Mimi nilimfuata nyuma nikinusa kila alichonusa, na hakunifukuza.

“Donc, basi, iko chini,” alisema. “Kwenye bomba ya moshi.”

Akazima injini, akalala chali juu ya gunia. Tangu uhuru hakuna tena aliyefyeka barabara ya Yanonge, na nyasi za katikati zilifika magotini. Tonton alitoa mafungu kwa mafungu ya nyasi kavu zilizojisokota juu ya bomba, nyingine zimekuwa nyeusi kabisa. Papa akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi.

“Iko majani tu,” Koko alisema kutoka barazani. “Acheni sasa ile gari, mukuje mukule.”

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Koko hakuwahi kuwa na neno juu ya gari lolote. Na tangu ashuke alikuwa amekaa mkekani akiielekea pikapu, chai yake imepoa, hataki kuingia ndani hata kujinyoosha mgongo.

“Papa, washa tena,” nilisema.

Alinung'unika, lakini akawasha. Tukangoja. Harufu ikarudi, hafifu, na sasa hapakuwa na nyasi za kuificha. Ilikuwa pamba inayoungua. Na nyuma ya pamba kulikuwa na kitu kikali, cha baridi, kinachopanda mpaka machoni. Kafuri. Kafuri nilikuwa nimeinusa katika nyumba za aina moja tu, zile ambamo maiti anaoshwa.

Tonton alisema yeye haisikii. Nikamwomba Papa azime, nikajitupa chini ya gari nikiwa nimejifunga kikwembe changu kizuri. Juu ya bomba, mbele zaidi ya pale tonton alipotoa nyasi, kwenye chuma cha fremu, kulikuwa na bunda lililofungwa kwa kamba ya nyavu. Barabara ilikuwa imelitikisa mpaka likalegea, na pembe yake moja ikaligusa bomba. Sikuhitaji kulifungua. Ilikuwa sanda ya Koko, aliyojinunulia akiwa na nguvu zake kama wazee wetu wengi, akaiweka sandukuni pamoja na kafuri. Siku ya kukimbia alikwenda nayo Yanonge.

Sikuitoa. Sanda ya mama mkwe haianikwi mbele ya mkwe. Nilikwenda barazani, nikakaa karibu naye.

“Koko, uliificha kwa sababu ya vizuizi?” nilimwuliza kwa sauti ya chini. “Ulifikiri wataichukua?”

“Hapana, haiko kwa sababu ya vizuizi,” alisema. Kisha akanishika mkono. “Mama yako iko mubaya. Haiko homa kidogo. Juzi dada yake alifungua sanduku yangu, akaiangalia, akafunga. Nilimuona. Nikaomba muvuvi mumoja aifunge kule chini, baba yako asione. Nilisema, kama haiko pale, hawatakuwa na kitu ya kumuvalisha mutoto yangu, na hatakufa.”

Nilimkasirikia Papa kwa ile “homa kidogo” yake. Kisha hasira ikaisha, nikabaki na hofu tupu.

Nikarudi kwenye gari. “Papa, tonton, tazameni mto kidogo.”

Papa alinitazama, akamtazama Koko, akageuka bila kuuliza. Tonton naye akageuka. Nikaifungua kamba, nikaficha bunda ndani ya kikwembe, nikampelekea mwenyewe. Tukawasha mara ya tatu na kungoja sana. Petroli, oili, vumbi. Hakuna kingine. Papa hakuingoja kesho. Tulipitia kwa nesi, tukaondoka kabla ya alasiri, dawa mapajani mwangu, na pua yangu dirishani mpaka Yanonge.

Mama alipona, ingawa masika yote yaliisha kabla hajatembea vizuri. Koko aliishi miaka mingi baada ya hapo. Siku ya kumwosha, Mama ndiye aliyeikunjua sanda, akaona pembe iliyoungua. Akaiinua puani, na hapo nikajua pua yangu niliirithi wapi.

“Hii iliungulia wapi?” aliuliza.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Nilimwambia mimi, palepale, maji yakiwa bado yanapashwa moto. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kitambaa mkononi. Mwanamke mmoja akasema afadhali tutafute nyingine, nzima.

“Hapana,” Mama alisema, akiikunja ile pembe kwa ndani. “Hii ilikuwa yangu, na yeye alikatala kunipatia.”