Mlolongo wa Madebe Sagalla

Katika miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya upili karibu na Voi, nilizoea kuwaeleza wanafunzi, kwa ufasaha uliowasinzisha, kwamba mtawala wa mabavu hana nguvu ila ya wale wanaokubali kumtumikia; wakijitoa, hukwama. Niliwatolea mfano wa karani na askari. Mwalimu sikumtaja.

Mwaka mmoja tulipigishwa kura kwa mlolongo: wapigaji walisimama hadharani nyuma ya picha ya mgombea wao, wakahesabiwa kama mbuzi mnadani. Niliteuliwa msimamizi wa kituo kimoja huko Sagalla, na uteuzi huo ulinivimbisha kichwa. Nilinunua kalamu mpya, nikafunga tai.

Kufikia saa nne mambo yalikuwa wazi. Nyuma ya picha ya mgombea wa wakubwa walisimama watu thelathini na wawili, wengi wao jamaa za chifu. Mlolongo wa mpinzani wake ulipita kanisa, ukapinda, ukateremka hadi kwenye bomba la maji. Chifu alinivuta kando.

"Mwalimu, utaandika kinyume. Huu mfupi ndio mrefu."

"Na watu wanaona, mzee?"

"Nitawatawanya. Mlolongo ukivunjika, nani atathibitisha urefu wake?"

Swali lilikuwa la kitaaluma, nakiri. Nyumba yangu ilikuwa ya serikali, na mshahara pia. Nikajibu kwamba nitafikiri. Kufikiri ndiko kimbilio la waoga waliosoma.

Chifu akatangaza kwamba kura imekwisha, kila mtu aende kwake. Lakini siku ile ilikuwa pia siku ya maji, na watu walikuwa wamekuja na vyombo. Wakafanya kama wafanyavyo bombani jua linapowachoma: kila mmoja akaacha debe au mtungi wake pale aliposimama, akaenda kukaa kivulini. Kwao, chombo kilichoachwa kwenye foleni ni mwenyewe amesimama. Anayekisogeza amejitafutia ugomvi na ukoo mzima.

Chifu akamwamuru askari aviondoe. Askari, mzaliwa wa papo hapo, aliliinamia debe la kwanza, kisha akasimama wima.

"Hili ni la mama mdogo, mkubwa. Nikiligusa, leo nitakula wapi?"

Mama mkwe wangu, maana nilioa papo hapo Sagalla, ambaye kwa kawaida husema nami kwa staha na kwa mbali, akapaza sauti: "Mkwe, hesabu basi! Au huko chuoni hamkufika kwenye madebe?"

Kivuli kizima kikacheka.

Nilihesabu. Ningependa msomaji aamini kwamba niliongozwa na ujasiri. Ukweli ni kwamba nilimwogopa chifu, ila sikuwa na mpango wa kula Krismasi kwake. Nilipotea mara mbili, nikarudia toka mwanzo, watu wakinisahihisha kwa kelele. Nikaandika mia nne na kumi na saba, kisha nikatia sahihi kwa haraka hata jina langu likafanana na la mtu mwingine.

"Umejimaliza, mwalimu," chifu alisema, bila hasira.

Voi yalisomwa matokeo mengine: mfupi ulikuwa mrefu. Sahihi yangu haikuwa juu yake. Baada ya majuma mawili nilipata barua ya uhamisho kwenda Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na kabla sijafunga mizigo chifu akaitisha baraza la kumpongeza mshindi.

Sagalla nzima haikwenda, wala mshindi mwenyewe. Tulikuwa watatu: chifu, askari, na mimi, kwa kuwa wito ulisema saa tatu kamili nami sijapata kuchelewa barazani. Chifu alingoja hadi saa tano, kisha akatusomea hotuba yote. Alipomaliza nilianza kupiga makofi, kwa mazoea tu. Askari akanigeukia kwa mshangao wa kweli. Makofi yangu yalikuwa yamefika matatu. Nikaona haya, nikaacha.