Ngumi Moja ya Kuunguza

Wifi yangu ni mtu wa maneno machache, na mimi maneno machache siyawezi. Mimi msusi bwana. Mikono ikiwa kichwani pa mtu, mdomo unakosa kazi nyingine. Kaka yangu alipovunjika taya nilisema mpaka sauti ikakauka. Nilishauri, nikalia, nikagombana na manesi, nikamwombea dua kwa sauti ili na majirani wasikie. Wifi aliuliza swali moja tu pale hospitali.

"Atatafuna lini?"

Nikamwona hana huruma. Mume kafungwa waya mdomoni, uso umevimba kama mkate uliozidi hamira, yeye anauliza habari ya kutafuna!

Kaka yangu ni muuza nyama. Mtaani wanamwita Fupa, kwa sababu tangu utotoni akipewa mfupa hauachi mpaka mbwa akiuokota anasikitika. Bucha yake ni ya ubia, yeye na rafiki yake mmoja mnene. Kwenye kona ya bucha kuna mashine ya kusagia nyama, na wateja wanaipenda kweli kweli, hasa kina mama wanaotoka kazini wamechoka. Fupa alikuwa anawasagia huku kakunja uso. Akirudi nyumbani anasema, "Mle ndani kinaingia kila kilichokosa mwenyewe. Nyama ya kusaga ni chakula cha wasio na meno." Nyumbani kwake haikuingia hata siku moja.

Mdomo uliponza kichwa. Asubuhi moja paja la ng'ombe likachomoka kwenye kulabu likiwa linabembea, likampiga taya la kushoto, puu! Mtaa mzima ukasema Fupa kapigwa teke na ng'ombe aliyekwisha kufa. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilipokwisha kujua kwamba atapona.

Basi ikawa uji kwa mrija, uji asubuhi, uji jioni. Waya zilipotolewa, daktari akamwambia wazi mbele yetu sote: taya lisipofanyishwa kazi litaganda hivyo hivyo, na likishaganda halifunguki ila kwa kisu. Ale vyakula laini, lakini atafune, kila siku atafune. Akamwonyesha kipimo, vidole vitatu vilivyolaliana. Siku vikipita katikati ya meno, amepona. Siku ile kilipita kimoja, tena kwa kusukumwa.

Wifi akavitazama vile vidole vya daktari kama anayekariri.

Jioni ya kwanza walimkaribisha mezani. Wali laini, viazi vya kupondwa. Fupa akatia kijiko, taya likakataa, chakula kikarudi chote kikamwagikia shati. Kitinda, kitinda mimba wao, binti ambaye hajaota hata meno yake ya mbele ya ukubwani, akacheka. Alicheka kitoto tu, vile wanavyocheka wakiona mtu kajimwagia. Kaka yangu akasimama, akachukua bakuli lake, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Hakutoka tena kula na watu. Akawa anakaa kwenye kiti kule chumbani, kageukia ukuta, anafyonza uji wake kwa mrija. Suruali akaifunga kwa kamba. Akizungumza anazungumza kwa meno yaliyofumbwa, maneno mawili matatu, basi. Na Kitinda naye kuanzia siku ile akawa anakula kaziba mdomo kwa mkono. Hacheki mezani, haulizi, anatafuna nyuma ya kiganja chake kama mwizi. Nikimwambia atoe mkono anautoa, nikigeuka anaurudisha.

Sasa nikwambie kidogo kuhusu kazi ya wifi. Anapiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia kinachofua vitambaa vya mahoteli. Anasimama siku nzima mbele ya mvuke, mashuka yanaingia yamekunjamana yanatoka yamenyooka. Siku moja msimamizi alimletea kitambaa cha meza akamwambia kitupwe, kina mkunjo wa kudumu. Wifi akakichukua, akasema, "Mkunjo wa kudumu sijauona bado." Alikirudisha mchana kimenyooka kama karatasi, na hakusema alifanyaje.

Mtu wa namna hiyo usimwambie kwamba mumewe ataishi akitazama ukuta.

Akaanza kuleta nyama ya kusaga. Anatoka kazini miguu imevimba, anapitia bucha kwa yule mbia mnene, anafika anaweka kikaango motoni kabla hajavua viatu. Leo na nyanya na karoti iliyokunwa, juu ya wali. Kesho ndani ya viazi. Kesho kutwa na tambi. Vyote laini, vyote vya haraka, vyote watoto wanavifurahia. Anapeleka bakuli chumbani. Fupa ananusa, anasema, "Mashine ile naijua. Ondoa." Bakuli linarudi lilivyokwenda.

"Wifi, mgonjwa haulizwi uji," nikamwambia. "Mlazimishe!"

"Mtu mzima halishwi kama njiwa," akanijibu, akaosha vyombo.

Sasa jioni moja alichoka mno. Akatia nyama kwenye kikaango ambacho hakijapata moto, akafunika, akakaa kwenye kigoda akafumba macho. Nilikuwa hapo hapo namsuka jirani. Nyama ikaanza kutoa maji, ikawa inachemka ndani ya maji yake, blop, blop, rangi ya kijivu, imeshikana donge moja.

Nyuma ya mlango wa chumbani ikalia sauti.

"Funua hiyo! Unaichemsha!"

Tukaganda. Sauti ile hatukuwa tumeisikia tangu ajali. Jirani akageuza shingo nikamvuta nywele bila kukusudia. Wifi akafumbua macho. Hakukimbilia kikaango. Akasema polepole, "Umesema nini, baba watoto? Sijakusikia vizuri."

"Fu-nu-a! Acha maji yakauke!"

"Aa," akasema wifi. Akafunua. Akasimama na mwiko mkononi, anautazama ule mlango.

Tangu hapo, jamani, nyumba ile ikawa haikaliki kwa harufu. Kesho yake kaunguza kitunguu mpaka kimekuwa makaa. Siku iliyofuata kakoroga nyama kama anasonga ugali, hakuiacha itulie hata kidogo, na kutoka chumbani: "Usiigeuzegeuze! Iache ishike rangi!" Siku nyingine kafanya madonge bila kuyakandamiza, yanasambaratika kwenye mchuzi, na kutoka chumbani: "Yatavunjika hayo! Hukuyafinyanga!" Mimi nikaona aibu. Nikamsema wifi yangu bila kumung'unya maneno: mwanamke mzima, nyama iliyokwisha kusagwa inamshinda, anataka itafunwe kabisa ndiyo aweze kuipika? Watoto watakula nini? Wifi akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nisogezee chumvi."

Nikasema potelea mbali. Nyumba si yangu.

Halafu siku moja nikaja mapema kurudisha ungo, nikapitia mlango wa uani. Nikawakuta watoto wamekaa kwenye ngazi, kila mmoja na sahani. Wali, na juu yake nyama ya kusaga iliyokaangwa ikashika rangi, nyanya imeiva, karoti inaonekana, harufu yake ungeifuata njia nzima. Nikashika kiuno.

"Shangazi, usiseme," Kitinda akaninong'oneza nyuma ya kiganja chake. "Mama amekataza."

Nikaingia jikoni. Wifi alikuwa mbele ya kikaango kidogo, ndani yake kuna nyama kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja, na anaiunguza kwa makini kabisa, kama mtu aliyetumwa.

"Ngumi moja ya kuunguza," akaniambia bila kugeuka. "Inayobaki ya kula."

"Wifi! Unamkasirisha mgonjwa makusudi?"

"Mgonjwa gani anapiga kelele vile?" Akapunguza moto. "Mwanzo alikuwa anagombeza akiwa kitini. Juzi kagombeza akiwa kasimama. Jana kafungua mlango, kaniita mharibifu, nimeona meno yake ya juu na ya chini. Namtaka hapa." Akagonga sakafu kwa kisigino, pale mbele ya jiko.

Nikauweka ungo chini. Wifi akanitazama, na mara ya kwanza tangu tuanze kufahamiana nikayaona macho yake yamelowa.

"Mimi sikuolewa na mgongo," akasema. "Kila nikiingia chumbani naona mgongo. Nimechoka na mgongo."

Siku yake ya mapumziko ilipofika akaenda bucha, akarudi na sarara, ile nyama laini ya mgongoni, kipande kizima, chekundu, safi. Nilikuwepo, siku hizo usingeweza kunitoa kwenye nyumba ile hata kwa fimbo. Kwanza akaingia chumbani, akamwomba mumewe asimame kidogo afagie. Akafagia, akatoka na ufagio mkono mmoja na kiti mkono wa pili. Kiti akakiweka mezani. Kisha akaiweka nyama kwenye ubao, akachukua kisu kile butu cha kukatia mkate, akaanza kuikereza, huku anasema kwa sauti ambayo si yake, "Sarara hii ngumu bwana. Afadhali niirudishe bucha wakaipitishe kwenye mashine."

Akaendelea kukereza.

"Sarara?" Sauti ikatoka chumbani. "Kwenye mashine?"

"Si inasagwa tu kama nyingine?"

Mlango ukafunguka. Kaka yangu akatoka na suruali yake ya kamba, kakonda mpaka masikio yamekuwa makubwa, lakini macho yanawaka. Akamnyang'anya kisu. Akakigusa makali, akasikitika, akapindua kikombe, akakinoa kwenye kitako chake, kwaruu, kwaruu. Akaigeuza nyama upande wake. Akakata vipande vyembamba, akavikata vijiti, akavikata tena kwa kukingama, kisha kisu kikaanza kupanda na kushuka mpaka ubao ukawa unaimba na nyama imekuwa laini kuliko ya mashine yoyote.

"Hivi," akasema. "Ukitaka ya kusaga, hivi. Unajua ilikotoka."

"Kumbe," akasema wifi.

Kaka akachanganya kitunguu, kitunguu saumu, mkate uliolowekwa, yai. Akafinyanga madonge, akayakandamiza moja moja. Akangoja kikaango kipate moto mpaka wifi akajifanya ana haraka, akafokewa. Yakaingia, chwaaa! Hakuyagusa mpaka yaliposhika rangi. Nyanya zikafuata. Nyumba ikanukia kama nyumba ya watu.

"Chumvi imetosha?" wifi akauliza.

"Onja."

"Mimi? Na ulimi wangu huu ulioshindwa na kitunguu?"

Mimi kwa ujinga wangu nikafungua mdomo niseme nitaonja mimi. Wifi akanikanyaga mguu, tena kwa kisigino. Nikaufunga.

Fupa akautazama mwiko. Akamega kipande cha donge, akapuliza, akakisukuma mdomoni. Akatafuna. Tulisikia taya likilia, ka, ka, na jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akameza.

"Imepungua," akasema. Akaongeza. Akaonja tena.

Wakapakua. Kaka akachukua sahani yake, miguu ikaelekea chumbani kwa mazoea. Akakumbuka.

"Kiti kiko huku," akasema wifi, naye tayari amekaa.

Fupa akakaa. Akala kidogo kidogo, na mchuzi ukamchirizika kidevuni, ukadondoka kwenye shati, ndo, ndo. Akainua macho kutafuta kitambaa, akamwona Kitinda. Mtoto kaziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yamemjaa, hatafuni wala hamezi.

"Huyu ana nini?" akauliza. "Mbona anakula hivi?"

Mkubwa wake ndiye aliyejibu. "Anakula hivyo siku zote, baba. Tangu siku ile aliyokucheka."

Kaka yangu aliweka kijiko chini. Nilimwona jambo lile likimwingia. Kule chumbani alikuwa amehesabu aibu yake peke yake, hakujua kwamba kuna mwenzake mdogo huku mezani. Akavuta pumzi. Kisha akachukua donge zima, si kipande, donge zima, akalisukuma mdomoni kwa vidole, taya likalia, mashavu yakavimba, mchuzi ukatoka pande mbili. Akamwinamia mwanawe.

"Cheka," akasema kwa taabu. "Cheka, mama. Baba amechafuka."

Kitinda akamtazama. Akamtazama mama yake. Halafu kicheko kikamponyoka katikati ya vidole, mikono ikaanguka mezani, akacheka mpaka punje za wali zikaruka. Na Fupa akacheka naye. Alimeza, akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi.

"Tulia hapo hapo," wifi akasema. "Usifunge."

Akasimama, akazunguka meza, akalaza vidole vyake vitatu kama vya daktari, akavipeleka kwenye meno ya mumewe. Cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Cha tatu kikagota.

Tukamtazama, sote.

"Kesho," akasema. Akafuta vidole kwenye kanga yake, akamwongezea wali.